Mlinganyo au Msalaba? Mjadala juu ya Hesabu za Michanganyiko

Hesabu ya mchanganyiko huhusu vitu viwili au zaidi vyenye nguvu, ubora au bei tofauti, vinavyounganishwa ili kupata kitu chenye kiwango kilichokusudiwa. Mwenye duka huchanganya mchele wa bei ya juu na wa bei ya chini. Mhudumu wa zahanati huzimua dawa ya klorini. Sonara huyeyusha dhahabu pamoja na shaba. Swali ni lile lile: kiasi gani cha hiki, na kiasi gani cha kile? Darasani hesabu hizi huwekwa katika kundi la mafumbo, na wanafunzi wengi huziacha ziwe za mwisho kujibiwa.

Wanaozifundisha hawakubaliani juu ya njia. Wapo wanaoshikilia mlinganyo wa aljebra: kiasi kisichojulikana kipewe herufi, maneno ya fumbo yageuzwe kuwa usawa, kisha thamani ya herufi itafutwe. Wapo wanaotetea njia ya msalaba, isiyohitaji herufi hata moja. Sauti ya tatu hutoka maabara, nayo huwauliza wote wawili swali ambalo vitabu vingi vya shule hulipita bila kuligusa.

*Mwenye mlinganyo:* Ichukuliwe kwamba duka lina mchele wa daraja la kwanza wa shilingi 3,200 kwa kilo na wa daraja la pili wa shilingi 2,400. Zinatakiwa kilo 80 za mchanganyiko wa shilingi 2,700 kwa kilo. Kilo za daraja la kwanza ziwe x. Za daraja la pili ni 80 − x, kwa hiyo herufi ya pili haina kazi hapa. Thamani ya mchele wa kwanza ikijumlishwa na thamani ya mchele wa pili, lazima ipatikane thamani ya mchanganyiko wote:

3,200x + 2,400(80 − x) = 2,700 × 80

Mabano yakifunguliwa: 3,200x + 192,000 − 2,400x = 216,000. Basi 800x = 24,000, na x = 30. Zinahitajika kilo 30 za daraja la kwanza na kilo 50 za daraja la pili. Uhakiki ni mwepesi: 96,000 na 120,000 ni 216,000.

*Mwenye msalaba:* Jibu ni sahihi, ila mzunguko wote huo ni wa nini, mwalimu mwenzangu? Bei mbili ziandikwe kushoto, 3,200 juu na 2,400 chini. Bei inayotakiwa, 2,700, ikae katikati. Tofauti zisomwe kwa kukata msalaba. Kutoka 2,400 hadi 2,700 ni 300, nayo huandikwa upande wa mchele wa juu. Kutoka 2,700 hadi 3,200 ni 500, nayo huandikwa upande wa mchele wa chini. Uwiano ni 300 kwa 500, yaani 3 kwa 5. Kilo 80 zikigawanywa mafungu 8, kila fungu lina kilo 10. Zimepatikana 30 na 50, na mwenye duka ameifanya kwa kichwa huku amesimama mbele ya mzani.

Njia hii ina ukoo wa heshima. Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, alitenga sura nzima ya kitabu chake Liber Abaci cha mwaka 1202 kwa ajili ya kuchanganya fedha na shaba za kufulia sarafu. Yeye mwenyewe alijifunza hesabu za Kihindi akiwa kijana huko Bugia, mji wa bandari ulio Algeria ya leo, ambako baba yake alishughulikia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa. Nchini India, Bhaskara alikuwa amekwisha kuingiza hesabu za kuchanganya dhahabu katika kitabu chake Lilavati cha mwaka 1150. Aljebra nayo si ya jana: al-Khwarizmi aliandika kitabu chake mjini Baghdad mnamo mwaka 820. Kwa hiyo ukongwe haumpi yeyote ushindi.

*Mwenye mlinganyo:* Kinachogombaniwa ni uelewa. Kwa nini 300 iende kwa mchele wa juu, na si wa chini? Mwanafunzi aliyefundishwa msalaba peke yake hujibu kwamba ndivyo inavyochorwa. Mlinganyo una jibu. Bei ya juu iwe p, ya chini q, na inayotakiwa m. Viasi viwe a na b. Basi pa + qb = m(a + b). Kila chenye a kikiletwa upande mmoja na kila chenye b upande mwingine, hupatikana (p − m)a = (m − q)b. Hivyo a kwa b ni kama (m − q) kwa (p − m). Msalaba ni mlinganyo huu huu, uliotatuliwa mara moja na hatua zake zikafichwa.

*Mwenye msalaba:* Mstari huo huo, (p − m)a = (m − q)b, usomwe kwa lugha ya dukani. Kila kilo ya mchele wa juu inayouzwa kwa 2,700 hupoteza shilingi 500. Kila kilo ya mchele wa chini inayouzwa kwa bei hiyo huleta ziada ya shilingi 300. Ziada lazima izibe pengo: kilo 3 za juu hupoteza 1,500, kilo 5 za chini huleta 1,500. Mtoto wa darasa la saba analiona hilo bila x. Msalaba ukifundishwa kwa maneno ya hasara na faida hauna kilichofichwa.

Hoja hii ni nzito, na wanaopigania aljebra huidharau bila haki. Mwanafunzi aliyeona pengo likizibwa na ziada anaelewa wastani wenye uzito kwa undani kuliko yule aliyehamisha namba kutoka upande mmoja wa alama ya usawa kwenda mwingine bila kujua zinahesabu nini. Hata hivyo kuna fumbo linaloufikisha msalaba ukingoni.

*Mwenye mlinganyo:* Kuna myeyusho wa asilimia 30 na mwingine wa asilimia 10. Zinatakiwa lita 20 za asilimia 40. Msalaba huchukua tofauti: kutoka 10 hadi 40 ni 30, kutoka 30 hadi 40 ni 10. Uwiano ni 3 kwa 1, yaani lita 15 na lita 5. Jibu linapendeza macho. Lakini katika lita 15 za kwanza kuna lita 4.5 za dawa, na katika lita 5 za pili kuna nusu lita. Jumla ni lita 5 katika lita 20, sawa na asilimia 25. Mlinganyo hauwezi kudanganya hivyo: 0.3x + 0.1(20 − x) = 8, basi 0.2x = 6, na x = 30. Lita 30 kutoka katika lita 20! Ya pili inakuwa −10. Namba hasi imesema wazi kwamba kinachotakiwa hakipo.

*Mwenye msalaba:* Kila aliyefundishwa vizuri anajua sharti: kiwango kinachotakiwa kiwe katikati ya viwili vilivyopo. Vinywaji viwili visivyokolea havizai kilichokolea.

Sharti lipo, ila mchoro wenyewe haulikumbushi. Tofauti ikichukuliwa bila alama yake ya chanya au hasi, fumbo lisilowezekana hupata jibu lenye sura ya kuwezekana. Hapa mlinganyo una sifa ambayo msalaba hauna, nayo haina uhusiano na wepesi wala ugumu: humrudishia mtatuzi taarifa kwamba swali lenyewe lina kasoro.

Tofauti nyingine hujitokeza vitu vikizidi viwili. Ichukuliwe kwamba duka limepata pia mchele wa daraja la kati, wa shilingi 2,800, na bado zinatakiwa kilo 80 kwa bei ya 2,700.

*Mwenye msalaba:* Kila bei iliyo juu ya 2,700 ioanishwe na iliyo chini yake. Jozi ya 3,200 na 2,400 hutoa 3 kwa 5. Jozi ya 2,800 na 2,400 hutoa 300 kwa 100, yaani 3 kwa 1. Mafungu yakijumlishwa: 3 ya daraja la kwanza, 3 ya kati, 6 ya la pili. Kwa kilo 80 hizo ni 20, 20 na 40. Zina thamani ya 64,000, 56,000 na 96,000, jumla 216,000.

*Mwenye mlinganyo:* Ni jibu moja kati ya mengi. Kilo za daraja la kwanza ziwe a, za la pili b, za kati c. Milinganyo ni miwili: a + b + c = 80, na 3,200a + 2,400b + 2,800c = 216,000. Wa pili ukigawanywa kwa 400 huwa 8a + 6b + 7c = 540. Wa kwanza ukizidishwa kwa 6 huwa 6a + 6b + 6c = 480. Tofauti yake ni 2a + c = 60. Basi c = 60 − 2a, na b = 20 + a. Thamani yoyote ya a kuanzia 0 hadi 30 inafaa. Ikiwa mchele wa kati uliopo ni kilo 25 tu, basi 60 − 2a isizidi 25, na a isipungue 17.5. Mwenye duka sasa ana nafasi ya kuchagua kulingana na akiba yake.

*Mwenye msalaba:* Jozi ya kwanza ikirudiwa mara nyingi kuliko ya pili, majibu hayo mengine nayo hupatikana.

Ni kweli, jozi zikipewa uzito tofauti, msalaba unaweza kuyafikia majibu yote. Lakini hauonyeshi kwamba yapo mengi, wala mpaka wake uko wapi. Kwa anayetafuta nafuu ya gharama, mpaka huo ndio wenye faida.

Mpaka hapa mjadala umehusu bei. Asilimia zikiingia, makosa hubadilika sura. Lita 10 za myeyusho wa asilimia 30 zikichanganywa na lita 20 za asilimia 60, wapo watakaosema 90, na wengi zaidi watakaosema 45. Jibu ni 50. Asilimia haijumlishwi, kinachojumlishwa ni dawa yenyewe: lita 3 na lita 12, jumla lita 15 ndani ya lita 30. Kosa hili halitokani na aljebra wala uwiano. Linatokana na kutojua ni kitu gani kinahesabiwa. Tiba yake ni jedwali lenye safu tatu: kiasi cha mchanganyiko, kiwango chake, na kiasi cha kitu halisi kilichomo. Safu ya tatu ni zao la mbili za kwanza. Safu ya kwanza hujumlishwa, ya tatu hujumlishwa, ya katikati haijumlishwi kamwe. Mlinganyo husomwa moja kwa moja kutoka safu ya tatu.

Jedwali lina faida nyingine kwa mwanafunzi wa Tanzania, ambaye katika shule za umma hujifunza hisabati kwa Kiswahili msingi na kukutana na mafumbo haya kwa Kiingereza sekondari. Anayeshindwa kuunda mlinganyo mara nyingi ameshindwa kusoma sentensi. Akiruhusiwa kujaza jedwali kwa lugha anayofikiria, sehemu kubwa ya ugumu huondoka kabla herufi ya kwanza haijaandikwa.

*Mwenye maabara:* Umuhimu wa jambo hili hauishii kwenye mtihani. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi uliokuwa mkali mwaka 2014, vituo vya matibabu vilitumia klorini ya nguvu mbili: asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa, asilimia 0.05 kwa mikono. Dawa ya dukani ikiwa na asilimia 3.5, sehemu moja yake inahitaji sehemu ngapi za maji kufikia 0.5? Maji hayana klorini, kwa hiyo 3.5 × 1 = 0.5(1 + w). Basi 1 + w = 7, na w = 6. Anayegawanya 3.5 kwa 0.5 akapata 7, kisha akamimina sehemu 7 za maji, ametengeneza dawa ya asilimia 0.44 hivi. Saba ni jumla ya sehemu zote, dawa ikiwemo. Kwa asilimia 0.05, jumla ni 70 na maji ni sehemu 69.

Hapa pande mbili zinakutana bila ugomvi. Msalaba wenye 3.5 juu, sifuri chini na 0.5 katikati hutoa 0.5 kwa 3, yaani 1 kwa 6. Wahudumu hufundishwa kanuni fupi: nguvu iliyopo igawanywe kwa nguvu inayotakiwa, kisha itolewe 1. Kanuni hiyo inatosha kazini. Anayejua inakotoka hatasahau kutoa ile 1.

Swali ambalo sauti ya maabara imelibeba tangu mwanzo linakuja na vitakasa mikono. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuvitengeneza mahali vinapotumika, na mwaka 2020 mwongozo huo ulihitajika sana. Kwa lita 10 huwekwa mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini ya asilimia 98. Kisha huongezwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Ethanoli katika mchanganyiko hufikia asilimia 80. Msalaba unathibitisha: 96 juu, sifuri chini, 80 katikati, uwiano ni 80 kwa 16, yaani 5 kwa 1. Sehemu 5 kati ya 6 za lita 10 ni mililita 8,333. Mlinganyo 0.96x = 0.80 × 10,000 hutoa namba hiyo hiyo.

*Mwenye maabara:* Mwongozo hausemi maji ni kiasi gani. Unasema ijazwe hadi alama ya lita 10. Kwa nini?

*Mwenye mlinganyo:* Kwa sababu ni rahisi kutoa: 10,000 toa 8,333, toa 417, toa 145. Inabaki mililita 1,105.

*Mwenye maabara:* Atakayemimina mililita 1,105 hatafika kwenye alama. Mililita 50 za ethanoli safi na mililita 50 za maji, zikichanganywa, hazijazi mililita 100. Hujaza 96 au 97. Molekuli za vitu hivi viwili hukaa karibu zaidi zikiwa pamoja kuliko kila moja ikiwa na wenzake. Ikiwa ni ethanoli ya asilimia 96 na maji peke yake, hesabu ya shuleni husema lita 1.67 za maji zitatosha kupata lita 10 za asilimia 80. Kwa kweli zinahitajika kati ya lita 1.8 na 1.9.

Jambo hili haliuangushi mlinganyo. Linauonyesha mahali pa kusimama. Mlinganyo wa ethanoli, 0.96x = 8,000, bado ni sahihi, kwa kuwa ethanoli haikupotea. Kilichoanguka ni ile hatua iliyoonekana haina la kujadiliwa, kwamba ujazo wa sehemu ni sawa na ujazo wa jumla. Ndiyo maana neno "jazia hadi alama" lina hesabu nzima ndani yake. Vitabu vya mafumbo huandika 80 − x bila kuuliza kama vitu hivyo vinakubali kujumlishwa. Kwa kilo za mchele vinakubali. Kwa klorini iliyozimuliwa tofauti ni ndogo isiyodhuru. Kwa spiriti havikubali, na fumbo la spiriti lisilotaja hivyo lina upungufu.

*Mwenye mlinganyo:* Basi kipimo kiwe tungamo, si ujazo. Gramu hujumlishwa daima.

Ndivyo afanyavyo sonara. Dhahabu safi huhesabiwa kuwa karati 24. Ya karati 18 ina robo tatu ya dhahabu. Sonara mwenye gramu 30 za karati 22, anayetaka kuzishusha hadi 18 kwa kuongeza shaba na fedha, huandika 22 × 30 = 18(30 + y). Hupata 660 = 540 + 18y, na y ni gramu 6.67 hivi. Hapa hakuna kusinyaa kwa kuogopwa: mizani hutoa hesabu ile ile kabla na baada ya moto, mradi hakuna kilichomwagika.

Limebaki fumbo la kuchota na kujaza. Ndoo ina lita 10 za maziwa. Mchuuzi anachota kiasi fulani, anajaza maji, anakoroga, kisha anachota kiasi kile kile tena na kujaza maji. Mwishoni ndoo ina lita 6.4 za maziwa halisi. Alichota ngapi kila mara?

*Mwenye msalaba:* Maji yaliyoingia yamechukua nafasi ya lita 3.6 za maziwa. Zikigawanywa mara mbili ni lita 1.8.

*Mwenye maabara:* Mara ya pili hakuchota maziwa matupu. Alichota maziwa yenye maji, kwa hiyo maziwa yaliyotoka yalikuwa machache kuliko mara ya kwanza.

*Mwenye mlinganyo:* Kinachochotwa kiwe x. Baada ya mara ya kwanza sehemu iliyobaki ya maziwa ni 1 − x/10. Mara ya pili hubaki sehemu hiyo hiyo ya kilichobaki. Basi 10(1 − x/10)² = 6.4, na (1 − x/10)² = 0.64. Kipeuo cha pili cha 0.64 ni 0.8 au −0.8. Kwa 0.8, x = 2. Kwa −0.8, x = 18, nayo hukataliwa kwa kuwa ndoo haikuwa na lita 18. Uhakiki: lita 2 zikitoka, zinabaki lita 8 za maziwa katika lita 10. Lita 2 za mchanganyiko huo zina lita 1.6 za maziwa. 8 toa 1.6 ni 6.4.